Utando mwembamba wa sumaku si msumari uliokatwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja lililoandikwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa sayansi. Mwandishi, akieleza jinsi kompyuta inavyohifadhi kumbukumbu, alisema kwamba juu ya sahani za hadi diski (hard disk, kifaa cha kompyuta cha kuhifadhia kumbukumbu) pamepakwa tabaka jembamba la sumaku, na kwamba tabaka hilo halina tofauti na chuma cha msumari ila limepunguzwa unene, hivyo nguvu yake nayo imepungua kwa kiasi hicho hicho. Mimi nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Moshi. Kesho yake wanafunzi wangu wa kidato cha pili walinijia na gazeti mkononi wakiwa wameridhika kabisa, kwa sababu maelezo yale yalifanana na niliyowapa mimi mwenyewe wiki mbili kabla. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kosa si la mwandishi wenu peke yake.

Tunachofundisha ni hiki: ukiikata sumaku katikati, hupati ncha ya kaskazini mkono mmoja na ya kusini mkono wa pili, bali unapata sumaku mbili kamili, kila moja na ncha zake mbili; ukizikata tena unapata nne, na kuendelea. Kanuni hiyo ni ya kweli na inaonekana kwa macho, hata kwa unga wa chuma tunaouokota kwa fundi wa mageti. Tatizo linaanza pale mtu anapoendelea kukata kwa mawazo mpaka chini kabisa, huku akiamini kwamba tabia ya kipande inabaki ile ile na kinachopungua ni ukubwa tu. Haibaki ile ile, na tunajua inaanzia wapi kubadilika.

Ndani ya msumari atomi za chuma ni kama sumaku ndogo ndogo, nazo zimejigawa katika maeneo, tuyaite vikoa, ambamo atomi zote za kikoa kimoja zimeelekea upande mmoja. Vikoa vyenyewe vimeelekea huku na huku, ndiyo maana msumari mpya kutoka dukani hauvuti msumari mwenzake mpaka uusugue kwa sumaku. Kati ya kikoa na kikoa pana ukuta, nao si mstari mkali kama ule tunaouchora ubaoni. Ni sehemu ambayo atomi zinageuka kidogo kidogo, safu baada ya safu, kutoka uelekeo wa kikoa hiki hadi uelekeo wa kile. Katika chuma, ukuta huo una unene wa makumi ya nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Sasa fikiria utando wa chuma wenye unene wa nanomita 3, ambao ni safu zipatazo 20 tu za atomi. Ukiukuza utando huo ufikie unene wa karatasi ya daftari, basi karatasi yenyewe, ikikuzwa kwa kipimo hicho hicho, ingekuwa na unene wa zaidi ya mita 3, yaani kutoka sakafuni hadi kwenye dari la darasa langu. Ndani ya kitu chembamba kiasi hicho ule ukuta wa kawaida hauna pa kusimama, kwa maana utando wote ni mwembamba kuliko ukuta. Mfaransa Louis Néel alionyesha mwaka 1955 kwamba katika tando nyembamba ukuta unabadili hata namna yake ya kugeuka: badala ya atomi kupitia uelekeo unaochomoza nje ya uso wa utando, zinageuka zikiwa zimelala ndani ya uso huo. Hilo tu linatosha kuonyesha kwamba hatuzungumzii msumari uliopunguzwa.

Kuna na suala la joto. Chuma kinapoteza usumaku wake kikifika nyuzi joto 770, na nikeli mapema zaidi, kwenye nyuzi kama 355. Lakini namba hizo ni za vipande vinene, ambamo kila atomi imezungukwa na jirani pande zote. Utando ukibaki safu chache za atomi, sehemu kubwa ya atomi zake ziko juu ya uso na hazina jirani wa upande mmoja, kwa hiyo mshikamano unalegea na joto la kupotezea usumaku linashuka.

Jambo linalonivutia zaidi ni uelekeo. Utando wa chuma au wa nikeli ukiachwa wenyewe, usumaku wake hupenda kulala kuufuata utando, kwa sababu kuusimamisha wima kunazalisha ncha juu ya uso wote wa juu na uso wote wa chini, na hiyo ni gharama kubwa ya nishati. Ni rahisi kudhani kwamba ndiyo hali ya tando zote. Lakini kobalti ikipakwa kwa unene usiozidi nanomita 1 hivi, kisha ikabanwa kati ya matabaka ya paladiamu au platinamu, usumaku wake unainuka na kusimama wima. Watafiti walilionyesha jambo hilo mwaka 1985 kwa kobalti na paladiamu. Sababu iko mpakani, pale atomi ya kobalti inapogusana na atomi ya jirani wa aina nyingine. Katika kipande kinene mipaka ni michache mno kiasi kwamba sauti yake haisikiki, lakini katika tando zilizopangwa tabaka juu ya tabaka mipaka ndiyo inayoamua. Ongeza unene wa kobalti kidogo tu, na usumaku unalala tena. Metali ni ile ile, na uelekeo umebadilika kwa tofauti ya safu chache za atomi.

(Niharakishe kusema, kabla na mimi sijasahihishwa, kwamba hadi diski za kawaida zinatumia aloi, yaani mchanganyiko, ya kobalti, kromiamu na platinamu, na huko usumaku unasimama zaidi kutokana na mpangilio wa fuwele za aloi hiyo. Diski zinazoandika kwa kusimamisha usumaku wima zilianza kuingia sokoni mwaka 2005.)

Mwandishi wenu hakugusa kabisa kinachotokea pale tando mbili za chuma zinapotenganishwa na utando wa metali isiyo sumaku, nami naona hapo ndipo penye habari yenyewe. Hapa mlimani mpaka wa kihamba na kihamba, yaani shamba la nyumbani na la jirani, unaonyeshwa kwa mimea iitwayo masale, na kila mtoto wa Uchaggani anajua kwamba masale hayang'olewi ovyo. Sasa tufikirie kijiji cha ajabu ambamo nyumba za majirani wawili zinapangiwa uelekeo na idadi ya mistari ya masale iliyo kati yao: mistari sita, nyumba zinatazama pande zinazopingana, ongeza mistari michache, zinatazama upande mmoja, ongeza tena, zinapingana, na kadiri mistari inavyozidi, kila mmoja anamsahau mwenzake. Hakuna kijiji cha namna hiyo, lakini ndivyo wanavyoishi chuma na kromiamu. Mjerumani Peter Grünberg, akifanya kazi Jülich, Ujerumani, aliona mwaka 1986 kwamba tando mbili za chuma zilizotenganishwa na utando mwembamba wa kromiamu zinaweza kujipanga zenyewe kwa kupingana. Mwaka 1990 Stuart Parkin na wenzake, katika maabara ya kampuni ya kompyuta ya IBM huko California, walionyesha kwamba makubaliano hayo yanapinduka na kurudi tena na tena kadiri unene wa utando wa kati unavyoongezwa, kila baada ya nanomita 1 hadi 2 kutegemea metali iliyotumika.

Uelekeo huo unaamua na njia ya umeme. Kila elektroni ina tabia inayoitwa spini, ambayo tunaweza kuichukua kama sindano ndogo ya dira yenye uchaguzi wa pande mbili tu. Elektroni ambayo spini yake inaafikiana na usumaku wa utando hupita kwa urahisi, na ile isiyoafikiana hugongana na kuchepuka njiani. Tando mbili zikielekea upande mmoja, nusu ya elektroni zinakuta njia nyeupe tangu mwanzo hadi mwisho. Zikipingana, kila elektroni, iwe ya spini hii au ile, itakwama ama katika utando wa kwanza ama katika wa pili, na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unapanda. Utando wa kati lazima uwe mwembamba, la sivyo elektroni inapoteza uelekeo wake kabla ya kufika ng'ambo.

Kwamba sumaku inabadili ukinzani wa chuma na nikeli si habari mpya. Mwanafizikia William Thomson aliliona jambo hilo mwaka 1857. Lakini mabadiliko yale yalikuwa asilimia chache tu. Mwaka 1988 kundi la Albert Fert, Ufaransa, lilipima matabaka ya chuma yenye nanomita 3 yaliyopishanishwa na kromiamu ya nanomita 0.9, mamia ya nyuzi chini ya sifuri, na katika uga wa sumaku wa tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga) ukinzani ukashuka hadi karibu nusu. Wakati huo huo Grünberg, akiwa na tando mbili tu za chuma na moja ya kromiamu, alipata asilimia 1.5 katika joto la kawaida la chumba. Inaonekana ndogo ukiilinganisha na ile ya Fert, lakini mimi naiona kuwa ya heshima sawa, kwa kuwa chombo kitakachowekwa mezani hakiwezi kuogeshwa katika gesi ya heli iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007. Kabla ya hapo, mwaka 1997, IBM ilikuwa imeshauza hadi diski yenye kichwa cha kusomea kilichotengenezwa kwa kanuni hiyo.

Nirudi Moshi. Baada ya wanafunzi kuniletea gazeti, nilikwenda kwa mafundi wa kompyuta walio karibu na stendi, nikapewa hadi diski mbovu tatu bila malipo, mbili za kompyuta ya mezani na moja ndogo ya kompyuta mpakato. Tulizifungua darasani kwa bisibisi ndogo ya nyota yenye ncha sita. Sahani zilitoka zikiwa safi kuliko kioo cha bafuni kwangu, na binti mmoja alirekebisha kitambaa chake akijitazama humo kabla hatujaanza kuzungumza chochote. Zile mbili kubwa zilikuwa za alumini. Ile ndogo kijana mmoja aliishika kwa mikono miwili akajaribu kuikunja, kwa kuwa gazeti lilimwambia ni chuma. Ilipasuka kwa mlio mmoja, vipande vikatapakaa juu ya madawati matatu. Ilikuwa kioo. Hakuna aliyeumia, lakini sikuwa nimewavisha miwani ya kinga, nalo ni kosa langu, nalisema hapa ili mwalimu mwingine asilirudie.

Kijana yule aliuliza swali ambalo ningependa mwandishi wenu alisikie: "Mwalimu, sasa chuma chenyewe kiko wapi?"

Kiko katika ule mng'ao. Kioo, au alumini, ni kibebeo tu. Juu yake pamewekwa tando kadhaa, moja baada ya nyingine, ndani ya chumba chenye ombwe, yaani kilichoondolewa hewa, ambamo ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) za gesi ya agoni hupiga kipande cha metali na kurusha atomi zake, nazo zikaenda kutua juu ya sahani. Tabaka linaloandikwa lina unene wa nanomita kama 10 hadi 20, na juu yake kuna utando wa kaboni wa kulilinda na mafuta membamba kuliko yote niliyowahi kuyasoma, ya nanomita 1 hivi. Tuliuleta unga wa chuma karibu na vipande vya kioo, haukutikisika. Hapo mwandishi wenu hakukosea: nguvu ya kuvuta ya tabaka hilo ni hafifu mno, maana metali ya sumaku iliyomo ni kidogo. Ila diski haikutengenezwa ivute misumari. Kazi yake ni kukumbuka uelekeo, na kila sehemu ya tabaka hilo ni kaidi kwelikweli, haigeuzwi uelekeo wake ila kwa uga mkali. Kichwa kinachosoma hakipimi mvuto. Kinapima jinsi ukinzani wa tando zake unavyopanda na kushuka kinapopita juu ya uelekeo huu na ule.

Walishangaa pia kukuta ndani ya kasha lile lile, sentimita chache kutoka kwenye sahani, vipande viwili vya sumaku ya neodimiamu vyenye nguvu ya kubana kidole mpaka mtu apige kelele. Mbona havifuti kumbukumbu? Kwanza, vimewekwa juu ya bamba nene za chuma zinazourudisha uga ndani na kuuzuia kusambaa. Pili, ni ule ukaidi niliousema. Anayeogopa kuweka kompyuta karibu na spika ya redio na alale usingizi.

Kwa kuwa tunaishi chini ya mlima, niongeze hili. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani. Kinaelea juu ya mto wa hewa inayozungushwa na sahani yenyewe, kwa nafasi ya nanomita chache. Hewa ikiwa nyepesi, kichwa kinashuka. Ndiyo maana watengenezaji wengi huandika kwamba hadi diski zao za kawaida zisitumiwe juu ya takriban mita 3,000. Mgeni anayebeba kompyuta ya namna hiyo anaweza kuiwasha katika kituo cha Mandara, cha chini njiani kupanda Kilimanjaro, bila wasiwasi. Akifika kituo cha Horombo, cha juu zaidi, aiache ndani ya mkoba.

Najua atakayesema kwamba haya ni ya kale, kwa sababu kompyuta mpya zinatumia kumbukumbu zisizo na sahani wala sumaku. Ni kweli kwa kompyuta mpya. Shule zetu hupokea zilizotumika. Isitoshe, tando za aina hii zimo katika vihisi vya mwendo wa magurudumu ya baadhi ya magari, na katika dira za baadhi ya simu, zinazotambua uga wa dunia ambao hapa kwetu ni takriban mikrotesla 33 tu.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwako, Mhariri: mchoro ulioambatana na makala ile uchorwe upya. Ulionyesha matabaka matatu yaliyoandikwa chuma, chuma, chuma, na la kati likiwa nene maradufu ya mengine. La kati liandikwe kromiamu, na liwe jembamba kuliko jirani zake, kama theluthi yao, kwa sababu mwanafunzi anayenakili mchoro ule katika daftari atakuwa amenakili kifaa kisichofanya kazi.

La pili ni kwa wakuu wa shule na wa ofisi za Moshi na Arusha wanaouza kompyuta mbovu kwa kilo pamoja na chuma chakavu. Kabla mnunuzi hajafika na mizani, hadi diski zitolewe zikapewe walimu wa fizikia. Katika mtihani wanafunzi wetu huandika kwa Kiingereza kwamba sumaku iliyokatwa ni sumaku mbili, wakapata alama zao. Lakini swali la chuma kiko wapi liliulizwa kwa Kiswahili, na liliulizwa kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa mkononi. Nimeambiwa na mhasibu wa ofisi moja kwamba wanasita kuzitoa kwa kuogopa siri zilizomo. Hofu hiyo ina msingi, maana tabaka lile halisahau upesi. Ofisi yenye siri na imtume mtu wake aje ashuhudie tunavyozifungua na kuzivunja mbele yake. Miwani ya kinga sasa tunayo, pamoja na ya mgeni mmoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Moshi, Kilimanjaro.